Mwanamke Aliyeoa: Mila ya Kehancha na Sharia za Watu wa Kale

Miongoni mwa mila ambazo watu wa Kehancha, mji wa Wakuria nchini Kenya, na vitongoji vyake wamezirithi kutoka kwa wahenga wao, ipo moja ambayo mgeni aisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani masikio yake yamemdanganya, nayo ni kwamba mwanamke aweza kumposa mwanamke mwenzake, akamtolea mahari ya ng'ombe mbele ya wazee na mashahidi, akamleta katika boma lake, na watoto watakaozaliwa na bibi arusi huyo wakahesabiwa kuwa dhuria wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, upande wa Tarime na Serengeti, mila hiyo hujulikana kwa jina la nyumba ntobu. Wakisii, Wanandi, Wakipsigisi na Wakamba wanayo kwa namna zao. Na Eugene Cotran, mwanasharia aliyekusanya sharia za mila za makabila ya Kenya na kuzichapisha mwaka 1968, aliiandika ndoa ya mwanamke kwa mwanamke pamoja na ndoa nyinginezo za nchi hii, wala hakuiona kuwa ni kioja.

Wageni wengi, hususan waandishi wa Ulaya, huitazama mila hii kwa jicho la mahaba, na kwa hivyo huikosa kabisa. Asili yake ni mirathi. Mkuria wa zamani aliyekuwa na wake wengi, hata kama mifugo yake ililala pamoja zizini, hakuwa na mali moja katika hesabu; kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake, shamba lake na ghala lake la wimbi na mtama. Binti alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliingia katika hesabu ya nyumba ya mama yake mzazi, na baba akiwatwaa ili kumwoza mwana wa mke mwingine, lile lilikuwa deni ambalo nyumba ile ilikuwa na haki ya kulidai hata baada ya miaka mingi, kwa maana ng'ombe wale walikuwa wamekusudiwa kumwoza kaka wa yule binti, wa tumbo moja naye. Sasa ikiwa nyumba imejaliwa mabinti watupu, ng'ombe wamekwisha kuingia na mwana wa kuozwa hayupo, basi kwa fikra za wenyeji nyumba hiyo imo hatarini kufungwa mlango, shamba lake ligawiwe nyumba nyingine na jina lake lisitajwe tena. Hapo ndipo mama mwenyewe huwatwaa ng'ombe wa bintiye akaposea mke, naye mke huyo huwa mkaza mwana wake, mokamona kwa Kikuria, aliyeolewa kwa ajili ya mwana ambaye hakuzaliwa.

Hebu tutazame vema lililotendeka hapo. Mwanamke ambaye jana alikuwa mke tu katika boma la mumewe, leo ni mtoa mahari, ni mkuu wa nyumba, na wajukuu watakaopatikana watalirithi shamba kupitia kwake kana kwamba alizaa mwana. Haikuhitajika fatwa ya serikali wala amri ya mfalme kumpa daraja hiyo. Aliipata kwa kuwa jamii yake iliona kwamba nyumba ina haki ya kudumu, na kwamba ikiwa hapana mwanamume wa kuidumisha, mwanamke aweza kusimama mahali pake.

Watu wanapoandika juu ya hadhi ya wanawake katika ustaarabu wa kale, aghalabu huanza na malkia, na malkia kweli walikuwako. Hatshepsut aliitawala Misri katika karne ya 15 kabla ya Masihi, akapeleka majahazi hadi nchi ya Punt iliyokuwa upande wetu huu wa Bahari ya Shamu, na kwa kuwa kiti cha Farao kilikuwa kiti cha kiume, akachongwa katika sanamu zake akiwa amevaa ndevu za bandia. Amanirenas, kandake wa Kushi, alipigana na majeshi ya Kaisari Augusto kuanzia mwaka 25 hivi kabla ya Masihi. Na kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari huyo kilikuja kufukuliwa huko Meroe mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila aingiaye akikanyage. Na kule mwambaoni, Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na kabla yake Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma. Walakini mimi sioni kwamba enzi ya mwanamke mmoja katika kiti cha mumewe au cha baba yake yatuambia mengi juu ya mwanamke aliyekuwa akitwanga nafaka nyuma ya kasri. Ukitaka kuijua hadhi ya mwanamke katika zama zozote, uliza mambo ya chini zaidi: Je, ghala ni la nani? Akifiwa na mume, atalala wapi? Aweza kuandika wasia? Na akisimama mbele ya kadhi, neno lake lapokewa peke yake, au mpaka asindikizwe na mwanamume?

Kwa maswali ya namna hiyo, mji wa kale ambao umeninasa moyo kupita yote si Thebe wala Babeli, bali ni Emar, mji mdogo wa biashara uliokuwa ukingoni mwa Mto Furati katika nchi ya Shamu, ambao vibao vyake vya udongo vilifukuliwa na Wafaransa katika miaka ya 1970, kabla maji ya bwawa jipya hayajaifunika sehemu kubwa ya mahali pale. Vibao hivyo ni vya karne ya 13 kabla ya Masihi, na wengi wa walioviandikisha hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wenye nyumba, mizabibu na madeni, waliotaka mambo yao yawe dhahiri kabla ya kufa. Miongoni mwao wamo akina baba waliokuwa na mabinti bila ya wana, na hao walitamka katika wasia, mbele ya mashahidi, kwamba wanamfanya binti yao kuwa mwanamke na mwanamume pia, ili apate kuirithi nyumba, aiombe miungu ya nyumba hiyo, na awataje wafu wake. Wengine walitamka kwamba mke atakayebaki ndiye atakayekuwa baba na mama wa nyumba. Na huko Nuzi, karibu na Kirkuk ya leo, karne moja au mbili kabla ya hapo, ilikuwapo desturi iliyokaribia sana hiyo, ya baba kumfanya bintiye kuwa mwana kwa hati ili apate kurithi.

Mkuria wa Kehancha hakupata kukutana na mtu wa Emar, wala sidhani kwamba fikra hiyo ilisafiri kutoka Furati hadi Mto Migori. Lakini taabu ilikuwa moja, na jawabu likafanana: nyumba isiyo na mwana haikuachwa ife, bali mwanamke alipandishwa daraja akawa mwanamume kwa sharia, huku mwili wake na mavazi yake yakibaki vilevile. Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu sisi tunaosikia kila siku kwamba haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ni kitu kilicholetwa juzi na wazungu au na mashirika ya misaada, kwa maana wazee wa Kehancha, ambao hawakupata kusoma kibao chochote, walikuwa wameitambua sehemu ya haki hiyo kwa akili zao wenyewe.

Wasia za Emar zina upande wa pili, na ni haki kuutaja. Mjane aliyefanywa baba na mama wa nyumba, akiamua kumfuata mwanamume mgeni, huambiwa katika wasia huohuo kwamba ataziweka nguo zake juu ya kiti na kutoka aende apendako. Maana yake ni kwamba daraja ile haikuwa yake kwa nafsi yake, ilikuwa ya nyumba, na akiiacha nyumba aliacha hata kanga ya mgongoni.

Wamisri walikwenda mbali zaidi. Katika kijiji cha mafundi waliokuwa wakichonga makaburi ya mafarao, mahali paitwapo leo Deir el-Medina, aliishi mwanamke jina lake Naunakhte, ambaye katika mwaka wa 1145 hivi kabla ya Masihi alikwenda yeye mwenyewe mbele ya baraza la kijiji akatoa wasia wa mali iliyokuwa yake kwa haki yake. Alikuwa amezaa na kulea watoto wanane, na sasa alikuwa mzee. Wale waliomtunza aliwapa, na wale waliomtupa katika uzee wake aliwanyima fungu la mali yake, akatamka wazi kwamba cha baba yao watapata lakini chake hapana. Na mmoja wa wana wake, aliyekuwa amemtendea wema kuliko wengine, akamzidishia bakuli la shaba la kunawia. Nimelifikiri bakuli lile mara nyingi. Hati ile imehifadhiwa hata leo, na ndani yake hamna mume aliyempa ruhusa, wala kaka aliyesimama kando yake kama msemaji. Yumo mama mzee mwenye hasira ya haki, yamo majina ya mashahidi, na limo baraza lililoandika alivyosema.

Linganisha hayo na Athene, mji ambao tulifundishwa shuleni kwamba ndio mama wa uhuru. Mwanamke wa Athene alikuwa chini ya mlinzi wa kiume maisha yake yote, baba kisha mume kisha mwana, wala hakuweza kufanya mkataba wa thamani iliyozidi kipimo kimoja cha shayiri, yaani chakula cha nyumba kwa siku kadhaa tu. Baba akifa bila ya mwana, binti hakurithi kwa nafsi yake; aliolewa na jamaa wa kiume wa karibu, pengine amu yake, ili azae mwana atakayeipokea mali ya babu, na hata kama alikuwa amekwisha kuolewa kwingine aliweza kuachanishwa na mumewe kwa ajili hiyo. Jamii ile ilikuwa na khofu ileile ya nyumba kufungwa mlango, ikaiondoa khofu yake kwa kumfanya binti kuwa njia ya kupitishia mali. Mkuria, kwa jambo hili, alimzidi Mwathene kwa heshima aliyompa mama asiye na mwana, na sioni haya kulisema hivyo.

Huko pwani jambo lilikwenda kwa njia nyingine. Sharia ya Kiislamu ya mirathi ilimkadiria binti fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, wala hapana awezaye kumfutia, na katika miji kama Lamu ikaongezeka desturi ya baba kumpa binti nyumba au sehemu ya nyumba anapoolewa, hata ikawa mume ndiye mgeni chini ya dari ya mkewe. Hayo yangetosha makala peke yake.

Hata hivyo, ningekuwa mwandishi dhalimu lau ningeisifu mila ya Kehancha na kukomea hapo, kwa kuwa katika ndoa hii wamo wanawake wawili, na mpaka sasa nimemzungumzia mmoja tu, yule aliyetoa ng'ombe. Watu wa kale nao walikuwa hivyo. Hamurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Masihi, aliwajali katika sharia zake wanawake watawa waitwao naditu, ambao hawakuruhusiwa kuzaa. Walioishi katika mji wa Sippar chini ya ulinzi wa mungu wa jua walinunua mashamba, wakayakodisha, wakapeleka kesi mbele ya mahakimu, wakawafanya wasichana wa jamaa zao kuwa warithi wao, na kwa hakika ni nadra kuwapata katika dunia ya kale wanawake waliokuwa na mali na sauti kama wao. Lakini sharia zizo hizo zasema kwamba naditu aliyeolewa aweza kumpa mumewe kijakazi ili amzalie watoto, na watoto hao wawe wa nyumba. Na kama kijakazi huyo, baada ya kuzaa, atajifanya sawa na bibi yake, bibi aweza kumtia alama ya utumwa na kumhesabu tena pamoja na vijakazi wengine. Waumini wa dini zetu wanakijua kisa cha Sara na Hajiri, nao hawahitaji kuelezwa zaidi. Hadhi ya mwanamke mmoja ilinunuliwa kwa tumbo la mwanamke mwingine, na yule wa pili jina lake aghalabu halikuandikwa.

Mkaza mwana wa Kehancha si kijakazi, na asije mtu akanisingizia kwamba nimesema ni kijakazi. Ameolewa kwa mahari, mbele ya watu, naye ana nyumba yake, na katika zama za wazee zizi lilipokuwa limejaa na ardhi ikiwa tele, aliweza kuwa na maisha yenye utulivu kuliko ya mwanamke aliyeolewa na mwanamume mlevi; mama mkwe alimpenda kwa kuwa ndiye tumaini lake, na watoto wake hawakuitwa wana wa haramu. Lakini nani aliyechaguliwa? Mara nyingi ni binti wa nyumba iliyopungukiwa, ambaye baba yake amehitaji ng'ombe kwa haraka. Au ni msichana aliyekwisha kuzaa nyumbani kwao, ambaye watu wamemwona kuwa hana bahati tena ya kuposwa na kijana. Mwanamume atakayemzalisha huenda akateuliwa na mama mkwe, naye hana wajibu wowote kwa watoto, hana karo ya kulipa wala mgonjwa wa kupeleka hospitali. Siku hizi ambapo ng'ombe wamepungua, mashamba yamegawanywa vipande vipande, na jembe la tumbaku na mahindi liko mikononi mwa wanawake toka alfajiri, mkaza mwana aweza kujikuta ni mlezi wa watoto peke yake na mlezi wa mama mkwe mzee pia. Na pale ambapo aliyeletwa hajatimiza miaka 18, hapo pana uhalifu, mila iwe na adhama gani, kwa kuwa Sharia ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza ndoa ya aliye chini ya umri huo.

Naona uchungu kulitaja jambo la pili, ila haliwezi kurukwa na mtu aandikaye juu ya hadhi ya mwanamke akiwa Kuria. Likizo za Desemba ndizo msimu wa kuwakeketa wasichana, jambo lililopigwa marufuku kwa sharia ya mwaka 2011, na ambalo katika Kenya nzima, kwa hesabu za uchunguzi wa afya ya jamii, lilishuka kutoka asilimia 38 ya wanawake mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022, lakini huku kwetu lingali limeshika mizizi. Msichana akitoka huko huhesabiwa kuwa mtu mzima, na kuhesabiwa mtu mzima ndiko kunakomfungulia baba yake mlango wa kuzipokea posa. Mambo haya mawili yamefungamana: mabinti wanaofikishwa sokoni mapema ndio hao hao watakaotafutwa na nyumba zisizo na wana.

Na sasa sharia ya serikali yasemaje? Yasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika kifungu cha 45 yasema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia iliyo tofauti na yake. Nayo Sharia ya Ndoa yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Kwa herufi hizo, mtu angedhani kwamba mkaza mwana wa Kehancha amefutwa katika daftari. Lakini mwaka 2011, baada ya Katiba hiyo kupitishwa ingawa kabla ya Sharia ya Ndoa kutungwa, Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa ameoa mwanamke mwenziwe kwa mila, aliikubali ndoa ile, akamtambua yule mjane kuwa ana haki ya kuomba kusimamia mali ya marehemu. Na kabla ya hapo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono dhidi ya Rono ilikwisha kukata kwamba mabinti hawapunjwi katika mali ya baba yao kwa sababu tu ya kuwa wataolewa. Hukumu hizo mbili zikiwekwa pamoja, huenda zikaubadili mwendo wa mila yenyewe, kwa maana ikiwa binti aweza kuirithi nyumba kwa nafsi yake, kama binti wa Emar, basi mama asiye na mwana hana dharura tena ya kumleta msichana wa watu amzalie mwana. Hilo ndilo ningependa kuliona Kehancha: nyumba idumu, ng'ombe wa nyumba wabaki wa nyumba, na binti aliyezaliwa humo ndiye awe mwenye mlango.

Lakini wako wakaza wana waliokwisha kuolewa, wengi wao wakiwa na wajukuu, nao hawawezi kungoja mila ibadilike. Taabu yao huanza siku mama mkwe anapofariki. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, majina yaliyoingia katika hati yalikuwa aghalabu ya wanaume, na shamba analolilima mkaza mwana huenda lingali katika jina la baba mkwe ambaye hakumwona kwa macho. Ili mirathi ifunguliwe mahakamani, hutakiwa barua ya chifu yenye kuwataja warithi wote wa marehemu. Na chifu hutegemea maneno ya wazee wa ukoo, ambao baadhi yao ndio hao wanaolimezea mate shamba lile. Katika orodha hiyo huandikwa mke, mume, mwana, binti. Yeye aandikwe nani? Mwana ambaye kwa ajili yake aliolewa hakupata kuwako, hana cheti cha kuzaliwa wala cha kufa. Mashahidi walioshuhudia ng'ombe wakitolewa wanazidi kupungua kila mwaka, na wakiisha wote atabaki na neno lake tupu mbele ya watu wenye hati.

Kwa hiyo mama mkwe aliye hai leo, mwenye fahamu zake, ana ikhtiari ya kutenda kama Naunakhte alivyotenda: awaite wazee wake na chifu, aitamke ndoa ile aliyoifunga na idadi ya ng'ombe aliowatoa na jina la aliyewapokea, amtaje mkaza mwana wake kwa jina lake kamili pamoja na watoto wake wote, wa kike na wa kiume, yaandikwe, yatiwe sahihi au alama ya kidole, na nakala moja ikae kwa mkaza mwana mwenyewe. Mahakama ipo hapa hapa Kehancha, na Mahakama Kuu ipo Migori, na hukumu ya mwaka 2011 yaweza kutajwa mbele ya hakimu yeyote katika jamhuri hii. Ila hakimu hatauliza habari za mapenzi wala za mila kwa jumla, atauliza ng'ombe walikuwa wangapi, walitoka kwa nani, na nani aliyeona.